Alama za Jeni: Jinsi Ugonjwa wa Kurithi Unavyosomwa Katika Familia

Katika mada ya Urithi, swali linalowapa watahiniwa taabu mara nyingi si lile la kutaja sheria za Mendel. Ni lile linalokuletea familia: baba mzima, mama mzima, mtoto wa kwanza mgonjwa, na swali chini yake, "Eleza." Mwanafunzi aliyekariri mbaazi za Mendel, ndefu na fupi, hukwama hapo, kwa sababu familia si shamba la mbaazi. Soma sehemu hii ukiwa na kalamu mkononi, na uchore kila mchoro unaoelezwa.

Tuanze na maana. Alama ya jeni ni sehemu ya DNA inayotofautiana baina ya mtu na mtu na inayoweza kupimwa maabara, ili kujua nani amerithi nini kutoka kwa nani. (Usizichanganye na alama za mtihani, ingawa ukizielewa hizi utazipata zile.) Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni badiliko lenyewe linaloleta ugonjwa: ukiliona, umeuona ugonjwa kwenye chanzo chake. Ya pili ni alama jirani, ambayo haileti ugonjwa wowote, bali imekaa karibu na jeni husika kwenye kromosomu ileile, hivyo hurithiwa pamoja nayo mara nyingi. Tofauti kati ya namna hizi mbili itakusaidia sana mbele ya safari.

Bonde la Kilombero na selimundu

Mfano wetu mkuu tutautoa katika bonde la Mto Kilombero, mkoani Morogoro. Upande mmoja iko milima ya Udzungwa, upande mwingine nyanda za juu za Mahenge, na katikati ni tambarare pana ambayo mto huifurika wakati wa masika. Mpunga hustawi hapo, na mbu aina ya Anopheles pia. Mji wa Ifakara ulijulikana duniani kwa sababu ya hao mbu: katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Malaria inahusianaje na magonjwa ya kurithi? Inahusiana sana. Mahali ambapo watu wameishi na malaria kwa vizazi vingi, ndipo aleli ya selimundu ilipoenea. Selimundu, ambao watu wengi huuita siko seli, ni ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi wa aina hii duniani. Huenda darasani kwako yupo mwenzako anayekosa masomo mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa na viungo, na macho yake yana umanjano.

Aliyeunganisha mambo haya mawili ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya vipimo vya damu alivyofanya kwa watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba aleli ya selimundu ni nyingi penye malaria nyingi, kama vile mwambao na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Sababu yake ni hii: mtu mwenye aleli moja ya kawaida na moja ya selimundu haugui selimundu, na wakati huohuo ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anaugua malaria, ndiyo, lakini si rahisi imuue utotoni. Hivyo hufikia umri wa kuzaa na kuipitisha aleli hiyo kwa wanawe. Ukiulizwa kwa nini aleli yenye madhara haijatoweka katika jamii, jibu ni hilo, nalo ni mfano bora wa uteuzi wa asili kwa binadamu.

Herufi moja tu

Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu namba 11. Hutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini iitwayo beta, ambayo ni mnyororo wa asidi amino 146. Katika aleli ya kawaida, maelekezo ya asidi amino ya sita husomeka GAG. Katika aleli ya selimundu husomeka GTG. Herufi A imebadilika kuwa T, basi. Matokeo yake asidi amino iitwayo glutamiki inaachwa, na valini inawekwa mahali pake.

Badiliko dogo hivyo linaletaje maumivu makubwa? Glutamiki ina chaji hasi na hupatana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji. Oksijeni inapopungua, himoglobini zenye valini hushikana na kujipanga kama vijiti virefu ndani ya chembe nyekundu. Chembe iliyokuwa duara na laini hupinda kama mundu, huwa ngumu, huziba mishipa midogo ya damu, na hufa mapema. Andika hatua hizi kwa mfuatano huo: badiliko la DNA, badiliko la protini, badiliko la chembe, kisha dalili. Anayeruka kutoka DNA moja kwa moja hadi "maumivu" hupoteza alama za kati.

Tutaiita aleli ya kawaida A na ya selimundu S. Jenotaipu ziko tatu: AA ni mzima, AS ni mbebaji asiyeugua, SS ni mgonjwa. Ugonjwa hutokea kwa aleli mbili za S, kwa hiyo tunasema ni fifi. Lakini kuwa mwangalifu hapa. Ukipima himoglobini ya mtu wa AS utakuta aina zote mbili, A na S, kwa pamoja. Kwa ngazi ya protini hakuna iliyofichwa. Mtahini mjanja anaweza kuuliza yote mawili katika swali moja.

Familia ya wazazi wawili wazima

Sasa tufikirie familia inayolima mpunga nje kidogo ya Ifakara. Baba na mama hawajawahi kuugua ugonjwa wa damu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa salama. Alipokaribia mwaka, vidole vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia akiguswa, na damu ikawa inapungua. Kila homa ilidhaniwa kuwa malaria. Majirani walikuwa na maelezo yao, na mengi yalielekea upande mmoja: ukoo wa mama una damu mbaya.

Hapa ndipo biolojia yako inapofanya kazi. Mtoto wa SS amepata S moja katika yai na S nyingine katika mbegu ya kiume. Hawezi kuzitoa zote mbili kwa mama. Kwa hiyo, kabla hata ya kuwapima wazazi, unajua kwamba kila mmoja wao amempa mtoto S moja. Kwa kuwa wote ni wazima, wote ni AS. Ukoo wa mama umechangia nusu, na ukoo wa baba umechangia nusu, sawasawa kabisa.

Kwa nini mtoto hakuonyesha dalili miezi ya mwanzo? Kwa sababu tumboni na wakati wa kuzaliwa mtoto hutumia zaidi himoglobini ya kichanga, ambayo haina mnyororo wa beta. Kadiri inavyopungua na ile ya watu wazima kushika nafasi, ugonjwa hujitokeza, mara nyingi baada ya miezi sita hivi. Ndiyo maana inafaa kumpima mtoto angali mchanga, kwa tone la damu ya kisigino, bila kungoja maumivu. Mtoto anayejulikana mapema hupewa penisilini ya kumkinga na vijidudu, chanjo, na kinga ya malaria, na baadaye anaweza kupewa dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu. Angalia pia: mtoto wa SS hana ile kinga ya mbebaji. Malaria kwake ni hatari kubwa, kwa kuwa damu yake ni pungufu tayari.

Maabara itaithibitishaje hali ya familia hii? Njia ya zamani, na bado inatumika, ni kuzitenganisha himoglobini kwa umeme. Kumbuka glutamiki yenye chaji hasi imepotea, kwa hiyo himoglobini S ina chaji hasi pungufu, na huenda polepole zaidi kuelekea ncha chanya kuliko A. Damu ya baba itaonyesha mistari miwili, ya mama miwili, na ya mtoto haitakuwa na mstari wa A. Tahadhari: mtoto aliyeongezewa damu karibuni anaweza kuonyesha mstari wa A ambao si wake, bali ni wa aliyemchangia. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka, vinavyofanana na kile cha malaria, vinavyotambua himoglobini A na S kwa tone moja.

Njia ya pili husoma DNA yenyewe. Kuna kimeng'enya kiitwacho MstII ambacho hukata DNA kila kinapokuta CCT, kisha herufi yoyote, kisha AGG. Aleli A ina CCTGAGG mahali pale, kwa hiyo hukatwa. Aleli S ina CCTGTGG, na kimeng'enya hupita bila kukata. Matokeo yake, kipande kinachosomwa kwa A kina urefu wa herufi takriban 1,150, na kwa S kina takriban 1,350. Tuseme familia yetu ina watoto watatu na majibu ni haya:

Baba: 1,150 na 1,350
Mama: 1,150 na 1,350
Mtoto wa kwanza: 1,350 tu
Mtoto wa pili: 1,150 na 1,350
Mtoto wa tatu: 1,150 tu

Usisome zaidi kabla hujaandika jenotaipu za watu hao watano pembeni. Umeandika? Baba AS, mama AS, kisha SS, AS, na AA. Hii ndiyo alama ya namna ya kwanza, yaani badiliko lenyewe.

Wazazi hawa wakikuuliza kuhusu mtoto wa nne utawajibu nini? Chora mraba wa Punnett: AS kwa AS hutoa AA moja, AS mbili, SS moja. Uwezekano wa SS ni 1/4. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba, kwa kuwa mmoja ameshaugua, watatu wanaofuata wako salama. Kila ujauzito huanza upya, kama kurusha sarafu: sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Uwezekano wa wazazi hawa kupata watoto watatu bila hata mmoja mwenye SS ni 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 27/64, usiofika nusu. Kwa familia nyingine za AS kwa AS wote huwa wazima na ugonjwa usijulikane kabisa, na nyingine hupata wagonjwa wawili mfululizo.

Alama jirani, na kwa nini haisafiri vizuri

Kabla ya njia ya MstII kupatikana, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy, wakiwa San Francisco, Marekani, walitangaza mwaka 1978 kwamba wamepata alama jirani ya jeni ya beta. Walitumia kimeng'enya kingine, HpaI, kinachokata mahali nje ya jeni. Kwa watu waliowapima, wengi wao wenye asili ya Afrika Magharibi, aleli ya kawaida mara nyingi ilikuwa kwenye kipande cha herufi kama 7,600, na aleli S mara nyingi kwenye kipande kirefu cha kama 13,000. Kazi hiyo ilifungua njia ya kutafuta magonjwa ya kurithi kwa alama za DNA duniani kote.

Walipoendelea kupima watu wa sehemu nyingine, jambo la kupendeza likaonekana: kwa watu wa Afrika Mashariki, aleli S ilikaa kwenye kipande kile cha 7,600, ambacho kule kilikuwa dalili ya uzima. Aleli S ilikuwa ileile, GTG ileile, lakini majirani zake ni tofauti. Mtu wa Ifakara angepimwa kwa alama ile na kusomwa kwa jedwali la wale wa kwanza, angeambiwa yuko salama kumbe ni mbebaji. Kosa lisingekuwa la mashine, lingekuwa la msomaji. Alama jirani hutumika kwa kuifuatilia ndani ya familia husika, kwa kumlinganisha mgonjwa na wazazi wake na ndugu zake, na si kwa kuazima jedwali la watu wengine.

Lehemu nyingi ya kurithi: kanuni ileile, sura tofauti

Silabasi hukutaka ulinganishe ugonjwa fifi na ugonjwa tawala. Mfano mzuri wa ugonjwa tawala ni lehemu nyingi ya kurithi. Lehemu ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza, hasa kwenye ini, na huyahitaji. Husafiri katika damu ndani ya vifurushi viitwavyo LDL, na ini huvidaka kwa vipokezi maalumu. Mtu aliyerithi aleli moja mbovu ya kipokezi ana takriban nusu tu ya vipokezi vinavyofanya kazi, kwa hiyo lehemu hubaki kwenye damu tangu utotoni, hata kama ni mwembamba na hali chipsi. Mishipa ya moyo huziba mapema. Wengine hupata uvimbe mgumu kwenye kano ya nyuma ya kisigino. Joseph Goldstein na Michael Brown wa Dallas, Marekani, waligundua vipokezi hivyo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kwa kuwa aleli moja inatosha, mgonjwa kwa kawaida ana mzazi mgonjwa, na kila mtoto wake ana uwezekano wa 1/2, si 1/4. Aliyerithi aleli mbovu mbili huugua vibaya zaidi, na moyo unaweza kushindwa angali mtoto.

Upimaji wake ni mgumu kuliko wa selimundu. Selimundu ina herufi moja, ileile kwa wote. Jeni ya kipokezi cha LDL, iliyoko kromosomu namba 19, inaweza kuharibika kwa maelfu ya namna, na jeni nyingine kama APOB na PCSK9 huleta hali ileile. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini mabadiliko machache tu hueleza wagonjwa wengi, kwa kuwa wametokana na mababu wachache. Kipimo kinachotafuta hayo machache kingetumika Kilombero kisingeona kitu, na kutokuona kitu si uthibitisho wa uzima. Ni lile somo la HpaI limerudi. Kwa hiyo daktari huanza na kipimo cha kawaida cha LDL kwenye damu, halafu, akishapata badiliko la mgonjwa mmoja, hulitafuta hilohilo kwa wazazi, ndugu na watoto wake, mmoja baada ya mwingine. Anayekutwa nalo huanza dawa za statini kabla moyo haujaumia.

Jeni ya PCSK9 ina kisa cha kukumbukwa. Mwaka 2005 watafiti wa Dallas walionyesha kwamba takriban 2 kati ya kila Wamarekani 100 wenye asili ya Afrika wana badiliko linaloizima jeni hiyo, na lehemu yao iko chini tangu kuzaliwa. Badiliko la jeni si lazima liwe hasara. Kutokana na ugunduzi huo dawa mpya za kushusha lehemu zimetengenezwa.

Swali la mfano

Msichana mzima wa afya ana kaka mwenye selimundu. Wazazi wao wote ni wazima. Msichana huyo ataolewa na kijana aliyepimwa na kukutwa AS. (a) Kuna uwezekano gani kwamba msichana ni mbebaji? (b) Kuna uwezekano gani kwamba mtoto wao wa kwanza atakuwa SS? (c) Kipimo cha damu ya msichana kitabadilisha nini katika jibu la (b)?

Majibu. (a) Kaka ni SS, kwa hiyo wazazi wote ni AS. Matokeo manne ya mraba ni AA, AS, AS na SS. Msichana ni mzima, kwa hiyo SS tunaifuta. Yamebaki matatu, na mawili ni AS. Uwezekano ni 2/3. Wengi huandika 1/2 kwa sababu wamesahau kuifuta SS.

(b) Msichana awe AS, 2/3, na kisha mtoto wa AS kwa AS awe SS, 1/4. Zidisha: 2/3 × 1/4 = 1/6.

(c) Ile 1/6 ilikuwa makisio ya mtu asiyejulikana hali yake. Akikutwa AA, jibu la (b) linakuwa 0, na watoto wake hawatakuwa SS, ingawa kila mmoja anaweza kuwa AS kwa uwezekano wa 1/2. Akikutwa AS, jibu linapanda kuwa 1/4 kwa kila ujauzito, na wawili hao watakuwa wanalijua hilo kabla ya mtoto wa kwanza, tofauti na wazazi wake.